Kufunga alteneta yenye nguvu katika gari kuukuu la Uingereza: Kazi iko kwenye waya

Na MWANDISHI WETU

MAGARI madogo ya spoti yaliyoundwa Uingereza kati ya miaka ya 1950 na 1970 yangali yanaonekana nchini Kenya, ingawa ni kwa uchache. MGB, Triumph na Jaguar hujitokeza katika maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi. Mengine yamefunikwa turubai katika maboma ya mashambani, yakisubiri mrithi mwenye subira na mfuko mzito.

Mrithi huyo akilifufua gari lake na kulipeleka nyumbani, tuseme Ikonge katika kaunti ya Nyamira, atakabiliwa na mtihani wa aina yake. Mvua za alasiri, ukungu, barabara za milima na mabonde, kisha giza linaloingia upesi, vyote humlazimu kuwasha taa, waipa na feni kwa wakati mmoja. Mtambo unaotarajiwa kulisha vyote hivyo ni ule uliobuniwa miaka 60 iliyopita.

Ushauri anaoupata ni mmoja kila aendako: toa dainamo, funga alteneta kubwa. Ushauri huo ni sahihi, lakini ni nusu ya ukweli. Kuifunga alteneta yenyewe ni kazi ya bolti tatu na spana mbili. Kazi kubwa ni ya waya, kwa kuwa waya uliotosha ampea 22 za dainamo hautoshi ampea 55 za alteneta. Anayesahau hilo hujifungia moto chini ya boneti.

Makala haya yanaeleza hatua za kazi hiyo kwa utaratibu wake. Ingawa yanalenga magari ya spoti, mengi ya yaliyomo yanahusu pia Land Rover za zamani, kwani nyingi zilitumia dainamo na visanduku vya udhibiti vya kampuni ile ile ya Lucas.

Historia kwa ufupi

Joseph Lucas ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vya umeme vya sehemu kubwa ya magari ya Uingereza. Wapenzi wa magari hayo walimpachika jina la utani, Mfalme wa Giza, kwa jinsi taa zake zilivyodaiwa kuzimika njiani. Utani huo una chumvi. Kasoro nyingi zinazosingiziwa vifaa vya Lucas hutokana na viungo vya waya vilivyoshika kutu na mikono iliyovifungua bila mpango kwa miongo kadhaa.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, magari karibu yote yalitumia dainamo. Mwaka wa 1960, Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Valiant likiwa na alteneta kama kifaa cha kawaida, na watengenezaji wengine wakafuata. Jaguar E-Type ilizinduliwa mwaka wa 1961 ikiwa na dainamo, lakini toleo lake la lita 4.2 la mwaka wa 1964 lilikuja na alteneta. MGB, iliyoanza mwaka wa 1962, ilibaki na dainamo hadi mwishoni mwa 1967.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake ya kutaka umeme mwingi. Mashindano ya Coronation Safari yaliyoanza mwaka wa 1953, ambayo baadaye yalikuja kuitwa Safari Rally, yaliwalazimu madereva kukesha barabarani wakitegemea taa za ziada. Ford Cortina GT ilishinda mwaka wa 1964, nayo Ford Escort RS1600 ya Hannu Mikkola ikashinda mwaka wa 1972. Gari la mashindano lililoishiwa na umeme usiku lilikuwa limekwisha kushindwa, hata kama injini yake ilikuwa nzima.

Dainamo na alteneta: Tofauti ni ipi?

Katika dainamo, koili zinazozalisha umeme ndizo zinazozunguka. Umeme wote unaozalishwa hulazimika kupitia kwenye brashi za kaboni ili kutoka nje, na jambo hilo huweka mpaka wa kiasi kinachoweza kupatikana. Aidha, dainamo haiwezi kuzungushwa kwa kasi kubwa mno bila kuharibika. Kwa hiyo gari likisimama huku injini ikinguruma polepole, dainamo haitoi kitu cha maana.

Alteneta imegeuza mpango huo. Kinachozunguka ni sumaku ya umeme, nazo koili za uzalishaji zimetulia pembeni. Brashi zake hupitisha ampea chache tu za kuilisha sumaku hiyo. Umeme unaotoka kwenye koili ni mkondo geu, na diodi zilizomo ndani huugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaoweza kuingia katika betri.

Diodi hizo zina faida nyingine. Zinaruhusu umeme kwenda upande mmoja pekee, hivyo betri haiwezi kujimwaga ndani ya alteneta injini inapozimwa. Kwa sababu hiyo alteneta haihitaji swichi ya kukata umeme iliyokuwa ndani ya kisanduku cha zamani cha udhibiti. Katika alteneta nyingi za kuanzia miaka ya 1970, kidhibiti cha volti nacho kimo ndani.

Udhaifu wa diodi ni kwamba hazisamehe. Ukiunganisha betri kinyume, hata kwa nukta moja, zinaungua.

Anza kwa kupiga hesabu

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari anafaa kukadiria mahitaji yake. Kanuni ni nyepesi: gawa wati kwa volti upate ampea.

Taa kuu mbili za wati 60 kila moja ni wati 120, yaani ampea 10 kwa umeme wa volti 12. Taa ndogo, za nyuma na za dashibodi huchukua takriban ampea 3. Koili ya kuwashia injini, 4. Waipa, 4. Feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo, 4. Pampu ya petroli, 2. Iwapo mwenye gari amefunga feni ya umeme kwenye redieta, aongeze 10.

Jumla ni ampea 37. Dainamo ya Lucas aina ya C40, iliyotumiwa katika MGB za kwanza, hutoa ampea 22 ikiwa katika hali nzuri na injini ikizunguka kwa kasi. Upungufu ni ampea 15, na lazima zitoke kwenye betri. Betri ya ampea-saa 45 iliyojaa itakwisha kwa saa tatu kwa hesabu ya karatasi. Katika hali halisi, taa zitafifia mapema zaidi ya hapo.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba hakuna haja ya kupita kiasi. Alteneta ya ampea 55 au 60 inatosha kwa gari la aina hii na kubakisha akiba. Ile ya ampea 100 haileti manufaa zaidi, bali inaongeza uzito wa mzigo kwenye mkanda na unene wa waya unaohitajika.

Kabla ya kulaumu dainamo, pima vilevile betri. Betri nzuri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Betri iliyokufa haitafufuliwa na alteneta yoyote, na mkanda uliolegea unaweza kuleta dalili zile zile za umeme hafifu.

Chanya au hasi kwenye bodi?

Hili ndilo swali linalowaponza wengi. Katika magari ya leo, ncha hasi ya betri huunganishwa na chuma cha bodi, ambacho mafundi hukiita ardhi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwaka wa 1967 yalifanya kinyume: ncha chanya ndiyo iliyounganishwa na bodi. Alteneta za kawaida zinazopatikana madukani zinahitaji ardhi iwe hasi.

Usiamini kitabu cha gari wala kumbukumbu ya muuzaji. Fungua kifuniko cha betri, ufuatilie kwa macho waya unaokwenda kwenye bodi, kisha uthibitishe kwa mita. Gari lenye umri wa miaka 60 huenda lilishageuzwa na mtu mwingine, likaachwa bila alama yoyote.

Kama ardhi ni chanya, ni lazima kuigeuza kabla ya alteneta kufungwa. Betri inatolewa na kugeuzwa ili ncha hasi ielekee waya wa bodi. Kwa kuwa ncha chanya ya betri ni nene kuliko ya hasi, vibanio vya nyaya navyo vitahitaji kubadilishwa. Katika MGB za zamani kuna betri mbili za volti 6 zilizofungwa nyuma ya viti, na zote mbili hugeuzwa pamoja na waya unaoziunganisha.

Balbu, honi na stata hazijali mwelekeo wa umeme. Vifaa vingine vinajali. Nyaya mbili nyembamba za koili ya kuwashia hubadilishana nafasi ili cheche ibaki na nguvu zake. Nyaya za mita ya ampea, kama ipo, hubadilishwa pia. Redio ya zamani, mfumo wa kielektroniki wa kuwashia injini, na mita ya kielektroniki ya mizunguko ya injini huweza kuungua visipogeuzwa na mjuzi. Pampu ya petroli ya umeme ya muundo wa asili hufanya kazi kwa pande zote mbili, lakini iliyotiwa diodi huharibika.

Kuchagua alteneta

Njia ya kwanza ni kutafuta alteneta za Lucas za familia ya ACR, zilizofungwa katika magari yenyewe ya Uingereza ya miaka ya 1970. Aina ya 16ACR hutoa ampea 34, nayo 18ACR takriban 45. Zinaingia kwenye vishikizo kwa urahisi, na gari linabaki na sura yake ya asili. Shida ni kwamba vipuri vyake nchini ni haba, na aghalabu huagizwa kutoka ng'ambo.

Njia ya pili ni alteneta ya Kijapani, hasa ya Denso iliyotoka katika gari la Toyota. Eneo la Kisii na Nyamira limejaa Toyota Probox zinazobeba abiria kutwa kucha, hivyo fundi wa umeme wa soko lolote la huko anaijua alteneta yake ndani na nje. Brashi, kidhibiti na beringi zake hupatikana bila kusubiri meli. Kwa anayekusudia kulitumia gari badala ya kulionyesha, hoja hiyo ina uzito mkubwa.

Hata hivyo, mambo matatu yakaguliwe. Kwanza, puli: alteneta za karibuni zina puli yenye mifereji mingi myembamba, ilhali gari kuukuu lina mkanda mmoja mnene wenye umbo la V. Puli ibadilishwe. Pili, mpangilio: puli ya alteneta, ya pampu ya maji na ya injini zote zikae katika mstari mmoja, la sivyo mkanda utaliwa upande. Tatu, feni: kama alteneta ina feni ya nje, mapanga yake yaelekee upande unaofaa kwa mzunguko wa injini hiyo, kwa maana alteneta isiyopoa haidumu.

Waya mkuu: Hapa ndipo moto huanzia

Katika magari ya Uingereza, waya wa kahawia ndio hubeba umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Katika mengi yao waya huo haukulindwa kwa fyuzi yoyote. Ndio pia uliopitisha umeme wa kuchaji.

Tuchukue waya wenye shaba ya milimita mraba 3 na urefu wa mita 2. Waya kama huo umekusudiwa kubeba ampea zisizozidi 27 hivi. Ukipitishiwa ampea 55, utapoteza volti 0.64 na kuzalisha joto la wati 35 ndani ya fungu la nyaya lililozungushiwa kitambaa cha nusu karne. Pasi ndogo ya kulehemu ina wati kama hizo.

Badala yake, weka waya wa milimita mraba 16. Kwa ampea na urefu ule ule, volti inayopotea ni 0.12, na joto halifiki wati 7, tena limetawanyika katika shaba nyingi. Tofauti ya gharama ya nyaya hizo mbili ni ndogo mno ikilinganishwa na gari lenyewe.

Waya huu mpya usifuate njia ya ule wa zamani. Utoke kwenye ncha kubwa ya alteneta, ambayo huandikwa B au B+, uende moja kwa moja hadi kwenye solenoidi ya stata, kwenye ncha ile ile inayopokea waya mnene wa betri. Kwa njia hiyo, ampea za kuchaji hazipiti ndani ya dashibodi wala katika swichi ya ufunguo.

Aina ya waya nayo ni muhimu. Waya wa kufungia umeme wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai garini, kwa sababu mtetemo huuvunja. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi za shaba halisi. Jihadhari na nyaya za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba, kwani unene wake unahadaa.

Miisho ya waya ibanwe kwa koleo maalumu la kubania vishikizo, wala isipondwe kwa nyundo. Mahali waya unapopenya kwenye bati, pawekwe pete ya mpira. Ufungwe kila baada ya sentimita 20 hivi, mbali na bomba la moshi na mahali mkanda unapozunguka.

Fyuzi si ya kuilinda alteneta

Wengi hudhani fyuzi kwenye waya mkuu huwekwa ili kuilinda alteneta. La hasha. Hatari kubwa iko upande wa betri, ambayo inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mpigo endapo waya utachubuka na kugusa bodi.

Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na solenoidi, yaani upande wa betri. Kipimo chake kizidi uwezo wa juu wa alteneta lakini kisizidi uwezo wa waya. Kwa alteneta ya ampea 60 na waya wa milimita mraba 16 unaohimili takriban ampea 110, fyuzi ya ampea 80 inafaa. Itumike ile ya bamba inayokazwa kwa bolti mbili, wala si zile ndogo za kuchomeka.

Kisanduku cha zamani kinageuka kiungo

Ukiondoa dainamo, kisanduku cha udhibiti hakina kazi tena, lakini nyaya zake bado zinahitajika. Kisanduku cha aina ya RB340 kina ncha zilizoandikwa B, WL, F, D na E. Kile cha zamani zaidi, RB106, kina A, A1, F, D na E.

Nyaya za kahawia za ncha ya B ziunganishwe pamoja, kwani ndizo zinazolisha gari zima. Kwenye RB106, nyaya za A na A1 ndizo zinazounganishwa. Waya mnene wa D uliotoka kwenye dainamo utolewe pande zote mbili, ncha zake zifunikwe na kuachwa, maana kazi yake imechukuliwa na waya mpya.

Waya mwembamba wa taa ya tahadhari, ambao katika RB340 uko kwenye WL na katika RB106 huwa umejiunga na D, uunganishwe na waya mwembamba wa F. Huo wa F tayari unafika mahali dainamo ilipokuwa, hivyo utaipelekea alteneta umeme wa taa hiyo bila kuvuta waya mwingine.

Baadhi ya mafundi hupenda kukiacha kisanduku mahali pake kwa ajili ya sura, wakaunganisha ncha kwa ndani. Si vibaya, mradi vifaa vyake vyote vya ndani viwe vimetengwa kabisa.

Nayo mita ya ampea? Kama gari lina mita yenye mpaka wa ampea 30, usiipitishie umeme wa alteneta mpya. Waya mkuu ukienda moja kwa moja kwenye solenoidi, mita hiyo itasoma tu umeme unaotumika, na haitaonyesha betri ikichajiwa. Wengi huiondoa na kuweka mita ya volti, ambayo humweleza dereva habari zilizo muhimu zaidi.

Taa ndogo nyekundu ina kazi kubwa

Taa ya tahadhari kwenye dashibodi si pambo. Umeme unaopitia kwenye balbu yake ndio unaoiamsha sumaku ya alteneta pale ufunguo unapozungushwa. Balbu ikiungua, alteneta nyingi hazitachaji mpaka injini ivurumishwe, na nyingine hazitachaji kabisa.

Katika magari ya Lucas, balbu hiyo huwa ya wati 2.2. Isibadilishwe kwa taa ya LED bila kuongezewa kizuizi cha umeme sambamba nayo, kwa sababu LED hupitisha umeme kidogo mno.

Kwenye alteneta ya Lucas ACR, waya wa taa huenda kwenye ncha ndogo iliyoandikwa IND. Kwenye Denso nyingi za Toyota kuna soketi yenye nyaya tatu: L ni ya taa, IG hupata umeme ufunguo unapowashwa, na S hupima volti ya betri. Mpangilio wa nyaya hizo hutofautiana kutoka modeli moja hadi nyingine. Soma herufi zilizochapwa kwenye alteneta yenyewe, usikisie kwa rangi. Nyaya za IG na S zipewe fyuzi zao ndogo.

Njia ya kurudi isisahaulike

Kila ampea inayotoka kwenye alteneta kwenda kwenye betri lazima irudi kupitia kwenye chuma. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kiungo pekee cha uhakika kati ya injini na bodi ni utepe wa shaba ambao mara nyingi umeoza, umelegea au haupo.

Utepe huo ukikosekana, umeme hutafuta njia nyingine: waya wa choki au wa kuongezea mafuta. Choki inayopata moto mkononi mwa dereva wakati wa kuwasha gari ni ishara ya ardhi mbovu. Weka utepe mpya wenye unene usiopungua ule wa waya mkuu, ukwangue rangi na kutu mahali unapokazwa, kisha upake grisi ili unyevu usirudi. Katika eneo lenye mvua nyingi kama nyanda za juu za Nyamira, hatua hii haipaswi kurukwa.

Mkanda nao ukazwe kwa kiasi. Ukiubonyeza kwa kidole katikati ya sehemu yake ndefu, ushuke takriban milimita 13. Alteneta ya ampea 55 ikifanya kazi kwa uwezo wake wote huvuta nguvu za farasi karibu mbili kutoka kwenye injini. Mkanda uliolegea utateleza na kulia, na uliokazwa kupita kiasi utaua beringi za pampu ya maji.

Kupima kabla ya safari

Kazi ikikamilika, betri ndiyo iunganishwe mwisho. Kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo: taa nyekundu iwake. Washa injini: izime.

Pima volti kwenye ncha za betri. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 14.8, kidhibiti kina kasoro, na betri itachemka. Ikibaki 12 na ushei, alteneta haichaji.

Kisha washa taa kuu, waipa na feni zote kwa pamoja, upime mara mbili. Weka mita kati ya ncha kubwa ya alteneta na ncha chanya ya betri: tofauti isizidi volti 0.3. Weka tena kati ya chuma cha alteneta na ncha hasi ya betri: isizidi volti 0.2. Tofauti ikizidi hapo, kuna kiungo kibovu, na kiungo hicho kinapata moto hata kama hujauona.

Baada ya dakika 20 za mwendo na mzigo kamili, zima injini na uguse kila kiungo cha waya mkuu kwa tahadhari. Joto kidogo ni la kawaida. Kiungo kisichoshikika kifunguliwe na kubanwa upya.

Mazoea ya kuacha

Kuna mazoea matatu gereji zinayoyarithi tangu enzi za dainamo. La kwanza ni kuchomoa waya wa betri injini ikiendelea kunguruma, eti kupima kama alteneta inachaji. Volti hupanda ghafla na kuua diodi pamoja na kila kifaa cha kielektroniki kilichomo garini. Mita ya bei nafuu inatoa jibu hilo hilo bila hasara.

La pili ni kuchomelea chuma kwa umeme bila kutenganisha betri na alteneta. La tatu ni kuongeza fyuzi kubwa zaidi, au kuizungushia karatasi ya sigara, kila inapokatika. Fyuzi inayokatika inatoa habari, na mwenye kuinyamazisha atazipata habari hizo kwa njia ya moshi.

Mwenye gari pia aifahamishe kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko aliyoyafanya, ili kusizuke ubishi siku ya ajali.

Hatimaye, kazi hii haijaisha mpaka iwe imeandikwa. Chora mchoro mwepesi wa nyaya zilizobadilishwa, aina ya alteneta, kipimo cha fyuzi na mahali ilipo, uuweke ndani ya gari. Karibu na betri, bandika kibandiko kinachosema kwamba ardhi sasa ni hasi. Fundi atakayeliinamia gari hilo kwa tochi kando ya barabara ya Ikonge, usiku na mvua ikinyesha, hatakuwa na haja ya kubahatisha.